Risala ya Klabu ya Soka ya Shule kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Maisha ya Soka ya Gerd Müller

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa klabu ya soka tunakukaribisha katika kilele cha mashindano yetu ya mabweni. Ni desturi ya klabu yetu kwamba risala ya siku hii humhusu mchezaji mmoja tuliyemchambua muhula mzima. Safari hii washambuliaji wetu walitaka mtu wa chenga na mashuti ya mbali, lakini walishindwa kwa kura na mabeki wakishirikiana na walinda mlango, ambao walimchagua mtu waliyekiri kwamba wasingependa kukutana naye hata katika mechi ya kirafiki: Gerd Müller wa Ujerumani Magharibi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Müller alizaliwa tarehe 3 Novemba 1945 katika mji mdogo wa Nördlingen, jimbo la Bavaria, miezi michache tu baada ya vita kumalizika. Alijifunza kazi ya kufuma vitambaa kabla hajawa mtu wa kufumania nyavu, na mwaka 1964 akajiunga na Bayern München, ambayo wakati huo ilikuwa timu ya daraja la pili. Kocha wake, Zlatko Čajkovski, alipomwona na mapaja yake manene na kimo chake kifupi, alimbandika jina la utani la kumwita mdogo mnene. Msimu uliofuata, Müller pamoja na kijana Franz Beckenbauer na mlinda mlango Sepp Maier walikuwa wameipandisha timu hiyo ligi kuu, na haijawahi kushuka tena.

Tulipoanza kutazama picha za mabao yake, tukiri tu, wengi wetu tulicheka. Bao hili limefungwa hatua tatu kutoka mstarini, lile kwa goti, jingine akiwa amekaa chini. Vijana wa kidato cha pili wakasema huyu ni mvizia tu. Ikabidi tuyatazame upya polepole, na hapo ndipo tulipoona kwamba yale mapaja tuliyoyacheka ndiyo yaliyomwezesha kugeuka katika nafasi finyu mno huku beki akiwa mgongoni, na kwamba wakati wengine wanautazama mpira ulipo, yeye alikwisha kufika utakapoangukia.

Katika Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico alifunga mabao 10, yakiwemo matatu dhidi ya Bulgaria, matatu dhidi ya Peru, na lile la muda wa nyongeza lililoitoa England katika robo fainali. Mwaka huohuo alitwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka barani Ulaya. Miaka miwili baadaye, katika fainali ya Mataifa ya Ulaya jijini Brussels, alifunga mawili kati ya matatu yaliyoizamisha Sovieti.

Lakini bao tulilolirudia mara nyingi kuliko yote ni la tarehe 7 Julai 1974, fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uholanzi, mjini München. Ilikuwa dakika ya 43, matokeo bao moja kwa moja. Rainer Bonhof alipenya upande wa kulia akaingiza mpira wa chini, Müller akaukimbilia, lakini mguso wake wa kwanza ukaurudisha nyuma yake. Mshambuliaji mwingine angeshika kichwa. Yeye alirudi nyuma hatua moja, akajizungusha, akaupiga kwa mguu wa kulia bila nguvu ya kutajika, nao ukatambaa kwenye nyasi hadi wavuni kabla mlinda mlango Jan Jongbloed hajajirusha. Ujerumani Magharibi ikawa bingwa wa dunia, na Müller, akiwa na umri wa miaka 28, akastaafu timu ya taifa baada ya mechi hiyohiyo, akiacha mabao 68 katika mechi 62. Miroslav Klose aliyekuja kuivunja rekodi hiyo alimaliza na mabao 71, ila katika mechi 137.

Katika ligi kuu ya Ujerumani alifunga mabao 365 kwa mechi 427, na hakuna aliyemfikia. Mabao yake 40 ya msimu wa 1971/72 yalidumu kuwa rekodi hadi Mei 2021, Robert Lewandowski alipofunga la 41 katika dakika za mwisho kabisa za mechi ya mwisho ya msimu.

Baada ya kuondoka Bayern mwaka 1979 na kucheza Marekani, pombe ilimwelemea, mpaka wachezaji wenzake wa zamani, akiwemo Uli Hoeneß, wakamsaidia kupata tiba, na klabu ikampa kazi ya kufundisha vijana. Mwishoni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ulimnyang'anya hata mabao yake mwenyewe. Alifariki tarehe 15 Agosti 2021.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunalo ombi moja, nalo halitoki nje ya mada. Magoli ya uwanja wetu hayana nyavu. Katika nusu fainali ya juzi, mpira wa kutambaa ulipita karibu na mlingoti, na mabweni mawili yalibishana hadi mwamuzi, ambaye ni mwalimu wetu wa hisabati, akaamua warudie kona. Bao kama lile la 1974 lingekataliwa hapa. Kwa hiyo tunakuomba jozi moja ya nyavu, na kama itawezekana, zifike kabla ya muhula ujao, kwa sababu washambuliaji wetu tayari wanadai kura irudiwe.

Tunaomba kuwasilisha.