Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vijana Wetu Wanaosomea Huduma za Mazishi

Wazee wetu, akina mama, akina baba, vijana na ndugu wanachama wote wa chama chetu cha kuzikana, hamjambo.

Hesabu atazisoma mhazini, nami sitamwingilia. Nitasema tu kwamba kila msiba ulioletwa mbele ya kamati umehudumiwa kama katiba inavyotaka, na kwamba bado wapo wenzetu wanaokumbuka ada siku wanaposikia ndugu yao yuko mahututi. Hao wanajijua. Jambo kubwa la mwaka huu ni jingine.

Tangu tuanze kuzikana hapa Minnesota, kazi yetu imekuwa kuchanga. Mtu akifariki simu zinalia, mchango unapita, na karibu fedha zote zinaishia kwa watu wa mazishi ambao hawaelewi kwa nini mama anataka kumwosha mwanawe kwa mkono wake, wala kwa nini hakuna anayetia sahihi mpaka mjomba apige simu kutoka Nyamira. Ndiyo maana katika mkutano mkuu uliopita mliiruhusu kamati itoe sehemu ya akiba kuwasaidia karo vijana wetu wawili, binti na mvulana, wanaosomea kazi hiyo. Wengine mliuliza: kumbe inasomewa?

Inasomewa, tena sana. Majimbo mengi ya Marekani hayadai shahada kamili ili mtu apate leseni. Letu linadai shahada ya kwanza. University of Minnesota imefundisha fani hii tangu 1908. Wanafunzi hupitia anatomia, kemia, elimu ya vijidudu na magonjwa, sheria, uhasibu, na namna ya kukaa na waliofiwa. Hufinyanga pua, midomo na masikio kwa nta, kwa sababu aliyekufa kwa ajali naye ana mke na watoto wanaotaka kumwona uso. Hujifunza kuhifadhi mwili: dawa yenye fomaldehaidi husukumwa kwa mashine kupitia ateri, mara nyingi ya shingoni, huku damu ikitolewa kwenye vena. Binti yetu anasema maiti alizizoea upesi. Anachojihadhari nacho ni hewa ya chumba, maana fomaldehaidi imethibitishwa kusababisha saratani, na asiyevaa vizuri au asiyewasha mitambo ya kutoa hewa anajiumiza mwenyewe. Wakimaliza darasani kuna mtihani wa taifa wenye sehemu mbili, Sanaa na Sayansi, halafu mafunzo ya kazi chini ya mwenye leseni.

Sitaficha kwamba hoja hii ilizua maneno. Mzee mmoja alisema hajavuka bahari ili mjukuu wake awe mtu wa mochwari, kazi ambayo kwetu tumezoea kusema ni ya walevi. Nilikuwa natafuta jibu la adabu, mama mmoja akanitangulia: "Baba, mwosha huoshwa. Wewe unataka uoshwe na nani?" Ukumbi ulicheka, na mzee alicheka pia. Lakini kura yake hakuibadilisha, nami naiheshimu.

Faida tumeanza kuiona kabla hawajahitimu. Mwaka huu familia moja iliambiwa kwamba sheria inalazimisha mwili kutiwa dawa, na gharama ikaingizwa kwenye bili. Familia ni ya Kiislamu na ilitaka kuzika upesi hapa hapa. Mvulana wetu aliomba aoneshwe sheria hiyo, na bili ikapungua siku hiyo hiyo. Tangu 1984 kuna kanuni ya serikali kuu ya Marekani inayokataza kudai kwamba sheria inalazimisha dawa mahali ambapo hailazimishi. Kanuni hiyo hiyo inakupa haki ya kuulizia bei kwa simu, ya kukabidhiwa orodha ya bei ukifika, na ya kuleta jeneza ulilonunua kwingine bila kutozwa cha ziada. Kwa sisi tunaosafirisha miili kwenda nyumbani, orodha hiyo lazima ioneshe bei ya kupeleka mwili kwa watu wa mazishi wa mahali pengine. Angalieni mstari huo kwanza, kabla ya kupendezwa na mbao za jeneza.

Jambo la pili limetoka kwenye somo lao la sheria. Wenye umri wangu mnaikumbuka kesi ya S. M. Otieno, yule wakili wa Nairobi: alifariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wakashindana mahakamani nani amzike na wapi, na hakuzikwa hadi Mei 1987, baada ya Mahakama ya Rufani kuupa ukoo haki. Hapa Minnesota mambo hayaendi hivyo. Unaweza kuandika, ukatia tarehe na sahihi, nani atakayesimamia mazishi yako. Usipoandika, mume au mke hutangulia, wakifuata watoto wazima. Ukoo hautajwi. Sisemi mpango upi ni bora. Nasema tu kwamba anayetaka kaka yake wa Siaya awe na neno, na aliandike akiwa hai, maana mwenye leseni hapa hatamsikiliza mtu kwa sababu ya ukubwa wa sauti yake kwenye simu. Vijana wetu wataleta fomu, na meza yao iko karibu na chai.

Kuhusu eneo la makaburi la wanachama tulilozungumzia, kamati bado inalinganisha bei, hivyo sina la kuripoti.

Kamati inaomba mambo mawili yapigiwe kura leo: msaada wa karo uendelee mpaka vijana hawa wapate leseni, na atakayesaidiwa awahudumie wanachama kwa miaka ambayo mkutano utaamua. Mimi napendekeza mitatu. Katibu anadhani ni mingi mno, naye atajieleza. Mhazini, karibu.