Gemu nazo zipewe ukurasa

Mhariri,

Majuzi mlichapisha barua ya msomaji aliyesema vyumba vya gemu mitaani ni vijiwe vya uvivu, na kwamba wenye navyo hawajui hata watoto wao wako wapi. Mimi ni mmoja wa hao. Wangu nawajua walipo: mmoja yuko kazini Changamwe, mwengine yuko hapa ubavuni mwangu anabonyeza tokeni za stima. Chumba changu kiko Majengo, tivi tatu na viti tisa vya plastiki, mechi moja shilingi ishirini, na mlangoni nauza viazi karai na ukwaju. Adhana ikitoka nazima sauti. Mtoto mwenye yunifomu ya skuli simpokei. Kujitetea kumetosha.

Lililonikera hasa ni kuwa msomaji yule hakutaja gemu hata moja kwa jina. Ni kama mtu kuvisema vyakula vya Mwembe Tayari na hajapata kushuka matatu pale. Basi mimi nitazitaja nilizozicheza mwaka huu uliopita, mwanamke wa miaka 46, maana kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi chumba huwa kitupu na padi zote, vile vishikio vya kuchezea, ni zangu.

Ya kwanza ndiyo inayotulisha. Wateja wangu wote wanaiita FIFA, ingawa FIFA 23, iliyotoka 2022, ndiyo ya mwisho kubeba jina hilo; tangu 2023 kampuni ya EA inaiuza kwa jina la FC. Ukimwambia kijana wa Majengo aje acheze FC atakuuliza FC ya wapi. Mimi si hodari wa mpira. Padi yangu moja kijiti chake cha kushoto kimelegea, na mchezaji ukimwacha peke yake anajiendea polepole mpaka kwenye kibendera cha kona, kama mzee anayewahi swala bila haraka. Wavulana wanaijua padi ile kwa alama ya rangi ya kucha niliyoitia, na kila anayefungwa huisingizia hata kama hakuishika yeye. Raha yangu ni kuisikiliza gemu hii sauti ikiwa imezimwa. Watangazaji wake hawana Kiswahili, basi vijana hutangaza wenyewe. Yuko mmoja wa miaka kumi, siku hiyo akasema: "Anapiga chenga moja, chenga mbili, beki amebaki kule ananunua mahamri!" Nilicheka hadi viazi vikaungua.

San Andreas, ile gemu ya ujambazi wa mitaani, naipita mbio. Ni ya mwaka 2004, imewazidi umri wanaokuja kuiulizia, na kwangu haichezwi. Hapo mimi na mwandishi wa barua ile hatuna ugomvi.

Ya pili ni Tetris, ambayo naicheza kwenye simu nikiwa foleni ya feri, nikienda Likoni kwa dada yangu. Wengi wa rika langu twaijua kwa vile vimashine vya betri vilivyokuwa vikiuzwa barabarani miaka ya tisini, briki gemu. Mwenyewe aliyeibuni ni Alexey Pajitnov, Moscow, katikati ya miaka ya themanini: maumbo saba basi, kila moja miraba minne. Marehemu baba alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini Kilindini. Nilipoletewa kimashine changu alinipokonya siku ya kwanza, akakaa nacho barazani kwa kikoi chake, miwani puani, na chai ikapoa. Akasema, "Mwanangu, hii si gemu. Hii ni kazi yangu." Akanifunza kwamba wapakiaji wageni hujaza katikati kwanza wakasahau pembe. Hadi leo naanzia pembeni, na lile umbo refu la mstari mmoja nalingoja upande wa kulia, kama alivyolingoja yeye. Mwaka wa tatu huu tangu atutoke.

Ndiyo maana ya tatu ilinikuta pabaya. Inaitwa Tales of Kenzera: ZAU, ilitoka Aprili 2024. Haichezeki kwenye mashine ya zamani, PS4, kwa hivyo nilingoja zamu yangu ya mchezo (ule wa akina mama wa kupeana pesa, si huu) nikanunua PS5 ya mkono wa pili. Muundaji wake ni Abubakar Salim, mwigizaji Muingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyempa sauti Bayek, shujaa wa gemu ya Assassin's Creed Origins. Alifiwa na babake, na gemu hii imetoka kwenye msiba ule. Zau ni mganga kijana. Anamwendea Kalunga, mwenye mauti, kumtaka amrudishie baba yake, naye Kalunga anampa sharti la kumletea pepo watatu wakubwa. Silaha zake ni vinyago viwili alivyorithi. Cha jua ni cha kupigana ana kwa ana, kwa moto. Cha mwezi ni cha kurushia kutoka mbali. Kukibadili kimoja kwa chengine ni kitufe kimoja tu, nami wiki nzima nilikuwa nakibonyeza sicho.

Mpwa wangu akaingia kwenye mipangilio, akageuza lugha ya sauti, na chumba kikajaa Kiswahili. Wavulana wawili waliokuwa mlangoni na viazi vyao wakaingia bila kuitwa. Mmoja akadhani nimefungulia redio. Si lafudhi ya Kibokoni kwetu Mombasa, nami sikuitarajia, lakini mtu akimwita mtu Baba kwenye tivi ile sikuhitaji kutafsiriwa.

Kuna mahali Zau hukaa chini ya mbuyu. Hana wa kupigana naye pale. Huzungumza na Kalunga yaliyo moyoni, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Sisi tulilelewa tukiambiwa tusipite chini ya mbuyu magharibi ikiingia. Sasa chumbani mwangu neno kufa husemwa mara mia kwa siku, bila uzito wowote: nimekufa, umekufa, kufa basi nami nicheze. Alasiri moja nilikuwa nimemkalisha Zau chini ya mbuyu wake, padi iko mapajani, sibonyezi kitu. Kijana akaingia na ishirini yake mkononi, akanitazama, akauliza, "Umekufa, Ma Gemu?" Nikamwambia ndiyo. Akavuta kiti akangoja zamu yake.

Jirani yangu, ustadhi wa chuoni, aliponisikia nikimtaja Kalunga alinikumbusha kuwa mauti ni ya Mungu peke yake. Nikamwambia hilo silipingi, na hii ni paukwa pakawa kama zile za bibi, zenye majini na sungura wasemao. Akasimama mlangoni akatazama. Baada ya muda akaniuliza kile kinyago cha mwezi kinafanya nini.

Kasoro inazo. Ni fupi, na mapigano yake yanafanana mno. Hata mimi niliimaliza kwa alasiri za wiki tatu. Mwisho wake sitausema kwa sababu ya ustadhi.

Sasa nakuja kwenu. Gazeti lenu nalisoma kila siku, na keshoye nafungia viazi, msinichukulie vibaya. Nakuta humo ligi ya Uingereza, filamu, taarabu, hata mapishi ya pilau ambayo ningeyarekebisha. Sijakuta mstari mmoja juu ya gemu iliyosema lugha mnayoiandikia. Mwaka huo huo wa 2024 gemu nyengine, Prince of Persia: The Lost Crown, iliwekewa sauti ya Kiajemi, na hilo nalo nililisikia kwa vijana. Naomba nusu ukurasa, Jumamosi, iandikwe na mtu aliyeshika padi mwenyewe. Mkikosa mwandishi, mimi saa nane hadi saa kumi nina nafasi, ila kwa sasa tivi ya kati imeshikwa. Ustadhi amefika kwa pepo wa pili.

Ma Gemu,
Majengo, Mombasa