Barua kwa mjomba: Mfalme Yosia alikufa akiwa na miaka 39

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Nimeona nikuandikie hadharani kwa kuwa maneno ninayoyajibu uliyasema hadharani, mbele ya ndugu na majirani waliokuja kwenye ibada ya shukrani ya nyumba yako mpya. Ulisema, Biblia ikiwa mkononi, kwamba wafalme wa Israeli na Yuda ni darasa letu, kwa sababu kila aliyemcha Mungu alitawala siku nyingi akastawi, na kila aliyeabudu sanamu alikatwa mapema. Watu waliitikia amina. Mimi sikuitikia, na naomba usiuhesabu ukimya wangu kuwa utovu wa adabu. Nilikuwa namtazama mama mdogo, mdogo wako wa mwisho, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, ambaye miezi minne kabla ya hapo alimzika mumewe, mtu wa sala kuliko wengi wetu, akiwa na umri wa miaka 39.

Tangu siku ile nimevisoma upya vitabu viwili vya Wafalme. Ni kweli, kama ulivyosema, kwamba mwandishi wake anampima kila mfalme kwa ibada: je, aliwafuata ndama wa dhahabu ambao Yeroboamu mwana wa Nebati aliwasimamisha Betheli na Dani, au alipaacha mahali pa juu, yaani madhabahu za vilimani, paendelee kufukizwa uvumba? Lakini kupima kwa ibada ni jambo moja, na kusema kwamba ibada njema hulipwa kwa umri na mali ni jambo jingine, na hili la pili mwandishi huyo halisemi kwa namna uliyolisema wewe.

Mtazame Omri, mfalme wa Israeli. Alinunua kilima cha Samaria kwa Shemeri kwa talanta mbili za fedha, akajenga hapo mji mkuu uliodumu mpaka Waashuri walipouangusha mwaka 722 KK. Mesha, mfalme wa Moabu, alichonga katika jiwe kwamba Omri aliitesa nchi yake siku nyingi. Jiwe hilo lilipatikana Dhiban, nchini Yordani, mwaka 1868, na leo liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Waashuri nao waliendelea kuiita Israeli nyumba ya Omri hata baada ya ukoo wake kuangamizwa, kiasi kwamba Yehu, ambaye ndiye aliyeuangamiza, ametajwa kwenye nguzo nyeusi ya mfalme wao Shalmanesa wa Tatu kama mwana wa Omri. (Sijui Yehu angesikiaje.) Katika Biblia, utawala wa mtu huyu mkubwa hivyo umemalizwa kwa aya sita. Alistawi, na kustawi kwake hakukumpa hata aya ya saba.

Yeroboamu wa Pili, mfalme mwingine wa Israeli, anatatanisha zaidi. Alitawala miaka 41, akahukumiwa kwamba alifanya maovu, kisha mwandishi yule yule anaeleza kwamba Bwana aliyaona mateso ya Israeli akawaokoa kwa mkono wa mfalme huyo huyo. Najua ungeweza kunijibu kwa Hezekia, mfalme wa Yuda, aliyelia alipougua akaongezewa miaka 15, nami nakubali, ila kumbuka kwamba mwanawe Manase alipoketi kitini pa baba yake alikuwa na miaka 12, maana yake alizaliwa ndani ya miaka ile ya nyongeza.

Na ni kwa Manase ndipo hoja yako inapokwama, Mjomba. Alijenga madhabahu za miungu mingine ndani ya hekalu lenyewe, akampitisha mwanawe motoni, akamwaga damu isiyo na hatia mpaka ikaijaza Yerusalemu, naye akatawala miaka 55, mingi kuliko mfalme yeyote wa Yuda au wa Israeli. Mjukuu wake Yosia alitawazwa akiwa na miaka minane. Katika mwaka wa 18 wa utawala wake kuhani Hilkia alikiona kitabu cha torati hekaluni, na mfalme aliposomewa alirarua mavazi yake, akatuma watu kwa nabii mke Hulda, akabomoa madhabahu hata ile ya Betheli, na akafanya Pasaka ambayo mwandishi anasema mfano wake haukuwahi kufanywa tangu siku za waamuzi. Anaongeza kwamba hapakuwa na mfalme kama yeye, aliyemrudia Bwana kwa moyo wote. Kisha, mwaka 609 KK, Farao Neko wa Misri alimuua huko Megido. Alikuwa ametawala miaka 31. Jumlisha na ile minane.

Kitabu cha Wafalme wa Pili hakitoi sababu. Aya moja inasema alikwenda kupigana na Farao, naye Farao akamuua alipomwona, na aya inayofuata inamrudisha Yerusalemu akiwa maiti ndani ya gari.

Walikuwapo watu wa kale ambao jambo hili liliwasumbua, na hapo nakutendea haki, kwa sababu wewe umesimama upande wao. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati, aliyeandika baada ya watu wa Yuda kuhamishwa Babeli, anatueleza kwamba Manase alipelekwa Babeli kwa minyororo, akatubu, akarudishwa. Na kwamba Yosia alikufa kwa kuwa hakusikiliza maneno ya Mungu yaliyotoka kinywani mwa Neko. Kwake hesabu zinalingana. Lakini waliokusanya maandiko matakatifu hawakukiondoa kitabu cha Wafalme ili kukipisha cha Mambo ya Nyakati. Waliviacha vyote viwili, na ulipohubiri ulisoma kimoja tu.

Tena angalia jinsi Wafalme wa Pili kinavyoisha. Yehoyakini, mfalme wa Yuda aliyetawala miezi mitatu na kuhukumiwa kuwa mwovu, anatolewa gerezani Babeli katika mwaka wa 37 wa uhamisho wake na kuketishwa mezani kwa mfalme. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Babeli vinataja hata mgao wake wa mafuta, pamoja na wa wanawe watano. Yosia yuko kaburini, na huyu anakula.

Mama mdogo aliniazima Biblia yake kwa ajili ya usomaji huu. Nitamrudishia Jumapili baada ya ibada, na ningefurahi kama tungekwenda wote, kwa sababu tangu siku ya shukrani hujafika kwake.

Ni mimi mpwa wako.