Mdhamini mwenye mhuri: kanuni ya maktaba inayowaacha wasomaji kaunta

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nieleze jambo linalohusu kanuni za kutumia maktaba ya umma ya mji wetu, na hasa kanuni moja ambayo kwa maoni yangu imepitwa na wakati, kwani inawanyima kuazima vitabu watu wale wale ambao maktaba ilijengwa kwa ajili yao. Sitaitaja maktaba yenyewe, kwa kuwa wahudumu wake ni watu waungwana wanaotekeleza walichoagizwa, na kwa kuwa walimu wenzangu wa miji mingine wameniambia kuwa wamewahi kukutana na kanuni ya namna hiyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34. Mwezi Februari nilimpeleka mjukuu wangu maktaba kuomba kadi ya kuazima vitabu. Binti huyu alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, na sasa anajiandaa kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Hana shule, hana mwalimu wa zamu wa kumfungulia stoo ya vitabu, wala hana fedha za masomo ya ziada. Ana ari ya kusoma na ana bibi aliyekuwa mwalimu. Tulijaza fomu pale pale kaunta, tukabandika picha mbili, tukalipa ada bila manung'uniko. Mkutubi, kijana mwenye adabu, alipofika chini ya ukurasa aliinua macho akasema: "Shikamoo tena Mwalimu, samahani, hapa pa mdhamini panatakiwa mhuri wa mwajiri." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, mdhamini ni mimi, nami nimestaafu." Akajibu kwa unyenyekevu kwamba fomu inamtaka mkuu wa shule au mtumishi aliye kazini, na kwamba mstaafu hahesabiwi.

Baba yake huyo binti anaendesha bajaji na mama yake anauza vitenge sokoni. Wote wawili wanafanya kazi tangu alfajiri, wanalipa kodi na wanafahamika na mtaa mzima, lakini hakuna aliyewaajiri. Tuliporudi nyumbani tulianza kuhesabu ndugu na jamaa tulio nao hapa mjini, fundi mmoja, mkulima mmoja, mama lishe wawili, dereva wa lori, shemeji mwenye duka la vipuri, na katika watu wote hao hatukumpata hata mmoja mwenye mwajiri wa kumgongea mhuri. Mhariri, sidhani kama ukoo wetu ni wa ajabu. Katika nchi yetu walio wengi wanajiajiri, mashambani, sokoni, barabarani na baharini. Kanuni inayosema kuwa mdhamini lazima awe ameajiriwa inawakatalia kadi watoto wa watu hao, hata kama hakuna mahali ilipoandikwa hivyo waziwazi.

Nisieleweke kwamba napinga kanuni za maktaba. Siku ile nilisimama mlangoni nikasoma tangazo lote lililobandikwa ukutani, karatasi iliyofunikwa kwa plastiki ambayo pembe yake moja imeshabanduka, na kanuni nyingi nilizikuta ni za haki kabisa. Mikoba iachwe kaunta, kwa sababu vitabu huibwa kwa mikoba. Simu zizimwe. Chakula kisiingizwe, kwa sababu makombo huita mende na panya, na viumbe hao wakishamaliza makombo huhamia kwenye gundi na karatasi za vitabu. Ipo hata ile kanuni ambayo wasomaji wengi huilalamikia, kwamba ukimaliza kusoma usirudishe kitabu mwenyewe kwenye rafu bali ukiache mezani. Watu hudhani ni urasimu. Vitabu vya maktaba hupangwa kwa namba: fasihi ya Kiswahili ina namba yake, 896.392, na kilimo kina namba yake, 630. Msomaji mwema akikichukua kitabu cha riwaya na kukichomeka kati ya vitabu vya ufugaji wa kuku, kitabu hicho kimepotea ingawa kimo ndani ya jengo, na mkutubi anaweza kukitafuta mwaka mzima asikipate. Mimi mwenyewe niliivunja kanuni hiyo kwa miaka mingi nikidhani ninasaidia, mpaka mkutubi mmoja aliponielimisha.

Kwa hiyo kanuni nazikubali pale ninapoona kitabu kinalindwa ili msomaji mwingine naye akipate. Hii ya mdhamini ni tofauti.

Ninaijua vizuri kwa sababu nilikuwa upande wa pili wake. Nilipokuwa mwalimu wa darasa, nilisaini fomu za wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikizipeleka ofisini kwa mkuu wa shule zigongwe mhuri. Katika miaka yote hiyo niliitwa mara mbili tu kulipia kitabu. Mara ya kwanza nyumba ya mwanafunzi iliingia maji wakati wa masika, kitabu kikavimba na kurasa zikashikana. Alikileta shuleni amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni kama mtu aliyebeba kifaranga mgonjwa, akaniomba radhi huku analia. Mara ya pili kijana alihama na wazazi wake bila kuaga. Nililipa mara zote mbili, na ningelipa tena. Mhuri wa shule haukumzuia huyo kijana kuhama, wala haukuyazuia maji. Kilicholinda vitabu vingine vyote vilivyorudi salama ni kwamba watoto walinifahamu, nami niliwafahamu wao na wazazi wao, na waliona aibu kuniangusha. Mdhamini hasa ni mtu anayemjua anayemdhamini, na bibi anamjua mjukuu wake kuliko mwajiri yeyote.

Nimejaribu kuelewa kanuni hii ilitoka wapi. Sheria yetu ya kwanza ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ile ile ya kumbukumbu ya Uhuru. Nadhani siku hizo mtu aliyekuja mjini kuazima kitabu mara nyingi alikuwa karani, mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa bweni, na kumtaka alete mdhamini mwenye mwajiri hakukuwa kumpa mzigo mzito. Lakini mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wakulima na akina mama walianza kujifunza kusoma chini ya miembe na katika madarasa ya jioni, na maktaba za vijijini zilianzishwa ili waliojifunza wasisahau. Hao hawakuwa na mwajiri hata mmoja. Hatukuwafundisha kusoma ili waje wasimame kaunta wakiulizwa mhuri.

Wakutubi wanaosomea kazi hii, wakiwemo wanaopitia chuo chetu cha Bagamoyo, hufundishwa kanuni tano za mtaalamu wa Kihindi aliyeitwa Ranganathan, alizozichapisha mwaka 1931. Ya kwanza inasema kwa ufupi kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Alikuwa akizikumbuka zile maktaba za kale za Ulaya ambamo vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu ili visitoke. Mwaka huo huo wa 1931, hapa jirani mjini Nairobi, ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, jengo zuri lenye nguzo, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu peke yao. Zamani kanuni ya maktaba iliweza kumkataa mtu kwa rangi yake bila kificho. Leo hakuna anayekusudia jambo kama hilo, na ninajua hakuna aliyekaa akapanga kumkataa mtoto wa mwendesha bajaji, lakini mtoto huyo amerudi nyumbani mikono mitupu, na kwake yeye nia ya aliyeiandika fomu haibadilishi kitu.

Baada ya kukataliwa kadi, mjukuu wangu aliruhusiwa kusomea mle mle ndani, nami nikabaki naye. Nilikwenda kwenye rafu ya 896 nikachomoa riwaya moja ya Kiswahili niliyowahi kuifundisha. Ndani ya jalada la nyuma imebandikwa karatasi ya kugonga tarehe za kurudisha. Mihuri ya mwanzo, ya wino wa zambarau, imefuatana wiki kwa wiki, mingine imegongwa juu ya mwenzake kwa kukosa subira. Halafu inaanza kuachana, miezi, kisha mwaka. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka 11 iliyopita. Kurasa zilikuwa safi kabisa, ila zilinuka ukungu, na chini ya uti wa kitabu palikuwa na tundu dogo la mdudu. Kitabu hicho hakijapotea, hakijachanwa, hakijaandikwa kwa kalamu, na katika hesabu za mwisho wa mwaka kinaonekana kipo. Najiuliza kimemfaa nani kwa miaka hiyo 11.

Nilimuuliza yule mkutubi kwa nini asitumie busara yake, naye alinijibu kwa ukweli ambao ninamshukuru. Alisema, "Mwalimu, kitabu kikipotea nitaulizwa mimi." Hapo ndipo nilipouona mzizi wa jambo. Kila kitabu kinachoingia maktaba huandikwa katika daftari la mapokezi na kupewa namba yake, na kuanzia hapo ni mali ya umma kama ilivyo meza na kabati. Mkaguzi akija anahesabu vilivyopo na vilivyokosekana. Lakini meza haikutengenezwa ili ipelekwe nyumbani kwa mtu wiki mbili, na kitabu cha kuazimisha kilinunuliwa kwa kazi hiyo. Maktaba inayoazimisha vitabu kwa dhati itapoteza vichache kila mwaka, kama vile duka la vyombo linavyovunjikiwa sahani. Ikiwa hakuna utaratibu mwepesi wa kukifuta kwenye daftari kitabu kilichopotea kihalali, basi kila mkutubi mwangalifu atajilinda kwa kutoazimisha, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Ninawaomba wenye mamlaka waanzie hapo. Wamwondolee mkutubi hofu ya kukatwa mshahara kwa ajili ya kitabu kilicholowa masika, naye ataacha kumtafutia msomaji mhuri.

Kuhusu mdhamini mwenyewe, zama zimetupatia njia ambazo mwaka 1967 hazikuwepo. Leo mtu mzima hawezi kusajili laini ya simu bila namba ya kitambulisho cha Taifa na alama za vidole. Ikiwa kitambulisho hicho kinatosha kumwamini mtu kwa akaunti ya fedha iliyo ndani ya simu yake, kwa nini kisitoshe kumwamini kwa riwaya moja? Mdhamini awe mtu mzima yeyote mwenye kitambulisho hicho na barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha anapoishi. Mwanachama mpya aanze na kitabu kimoja, na akishakirudisha kwa wakati mara kadhaa aongezewe kuwa viwili. Akipoteza, aruhusiwe kuleta nakala nyingine ya kitabu kile kile hata kama ni ya mitumba, kwa sababu maktaba inahitaji kitabu zaidi ya inavyohitaji fedha ambazo huenda zisirudi kununulia vitabu. Wastaafu nao wahesabiwe. Pensheni yangu inalipwa kila mwezi na makazi yangu hayajabadilika kwa zaidi ya miaka 20, hivyo sijui ni mwajiri gani angeweza kunidhamini vizuri zaidi ya hapo.

Yapo mambo mengine ningeweza kuyasema, kama saa za kufunga ambazo zinamkuta mfanyabiashara bado yuko sokoni, lakini hayo yanahitaji fedha za kuajiri watu, nami naelewa. Kanuni ya mdhamini inahitaji karatasi moja tu ichapwe upya.

Nimeandika maombi haya pia kwa barua, nikaiacha kaunta kwa yule kijana, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kuahidi kuifikisha kwa wakubwa wake. Hadi leo ninapokuandikia sijapata jibu. Mjukuu wangu anakwenda maktaba kila siku ya kazi, anaandika kwa mkono kurasa anazozihitaji katika daftari lake, na jioni wanapofunga anakiacha kitabu mezani kama kanuni inavyotaka. Mtihani ni Novemba. Ninawaomba wahusika wanijibu, hata kupitia gazeti hili, mapema kabla ya mwezi huo.

Mwalimu mstaafu na mwanachama wa zamani wa maktaba