Barua ya Malalamiko Kuhusu Ukarabati wa Ekseli ya Mbele

Meneja wa Huduma,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: EKSELI YA MBELE YA LAND CRUISER 79 ILIYORUDISHWA BILA KUKAMILIKA

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mwezi Aprili, mvua zilipopunguza safari za wageni, nilileta kwenu gari langu aina ya Toyota Land Cruiser 79 ili ekseli ya mbele ifunguliwe yote na kuundwa upya. Tulikubaliana kwamba beringi za kingpini (pini ambazo gurudumu hugeukia usukani unapozungushwa), beringi za habu (kitovu cha gurudumu) na sili zote za pande mbili, zile pete za kuzuia oili na grisi zisivuje, zibadilishwe, nami nikalipa shilingi 2,640,000 kabla ya kazi kuanza. Stakabadhi ninayo.

Katika safari ya pili tu, kati ya lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro na lango la Naabi la Serengeti, ambako kila dereva wa Serengeti anayajua yale mawimbi ya barabara ya vumbi, usukani ulitetemeka kwa nguvu hata nikalazimika kusimama kabisa nikiwa na wageni wanne ndani. Nilipochungulia chini, gurudumu la kushoto lilikuwa limelowa oili ya difu (giya za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) iliyochanganyika na grisi, nyepesi kama uji wa mgonjwa, ikitiririka hadi kwenye diski ya breki.

Fundi mwingine aliifungua ekseli hiyo mbele ya macho yangu. Beringi ya juu ya kingpini ya kushoto ni ile ile ya zamani: kikombe chake, yaani pete yake ya nje, kina vishimo vilivyochimbwa na rola, na ndiyo maana usukani ulikuwa ukinasa kila ulipofika katikati. Sili ya ndani, inayoizunguka shafti ya gurudumu, ni mpya kweli, hilo siwanyimi, lakini mdomo wake umelika upande mmoja tu. Sili huliwa namna hiyo pale shafti inapozunguka nje ya kitovu chake, kwa sababu zile bati nyembamba zinazowekwa juu na chini ya kingpini zilirudishwa bila kupimwa. Kwa hiyo hata mkinipa sili nyingine kesho, nayo itakatika kama hii.

Nilipompigia simu fundi wenu, alinijibu kwamba kingpini alizikaza kwa uzoefu. Siudharau uzoefu, lakini ukazaji wa beringi hizo hupimwa kwa mizani ya springi inayonasishwa kwenye mkono wa usukani kabla tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, haijafungwa, na mizani ya namna hiyo hata muuza samaki anayo.

Nati za habu nazo zina makovu ya patasi pande zote mbili. Boksi ya milimita 54, yaani spana ya kuzifungulia nati hizo, si kifaa cha ajabu katika gereji inayojitangaza kwa magari ya porini, na nati iliyogongwa kwa patasi na nyundo haiwezi kujulikana imekazwa kiasi gani. Nimeambiwa kwamba beringi ya nje ya habu ya kulia ilikuwa imeanza kubadilika rangi kwa joto. Ingejifunga tukiwa kwenye mteremko wa kreta ya Ngorongoro, ningekuwa naandika barua ya aina nyingine.

Kuhusu breki na sili ya difu sina neno. Kazi hiyo ilifanyika vizuri.

Ninachodai ni kurudishiwa shilingi 1,180,000, yaani bei ya beringi ambazo hazikubadilishwa pamoja na ufundi wa kingpini na habu, na gharama ya kulikokota gari kutoka Naabi, ambayo risiti yake nimeiambatanisha pamoja na picha za vipuri vyote. Vipuri vyenyewe nimevihifadhi, na mnaweza kuja kuvikagua. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani.

Pendekezo lenu la simu, kwamba nilirudishe gari mlirekebishe bure, nimelisikia na sikulikubali.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa gari