Kwa wanangu mnaopanda kuja nyumbani Machame, Kilimanjaro, Desemba hii

Wanangu, nanyi wajukuu zangu mliozaliwa Dar es Salaam na Mwanza,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Naandika mapema, kabla hamjakata tiketi za basi, kwa sababu nina neno ambalo sitaki kulitoa siku ya Krismasi nyama ikiwa imeshaiva. Siku ile hakuna anayesikiliza.

Nimesikia wawili kati yenu hamsemeshani, na kisa ni mchango wa bati la nyumba hii. Siwataji, mnajijua. Mmoja ameniambia kwenye simu kwamba mwaka huu atafikia Moshi mjini, apande kwa ibada tu kisha ashuke. Usiku ule sikulala. Afadhali nyumba ivuje.

Wengi wenu mlikuwa wadogo, hamkujua kwamba mimi na baba yenu mdogo tulikaa miaka sita bila kusalimiana. Chanzo ni masale, ile mimea ya mpaka yenye majani marefu, iliyopandwa mstari kati ya kihamba chetu, yaani shamba letu la migomba, na chake. Asubuhi moja nilikuta mawili yameng'olewa, yamepandwa hatua moja ndani ya kwangu. Nilimshtaki kwenye kikao cha ukoo, nikamtamkia maneno ambayo mtu hamwambii ndugu aliyenyonya naye ziwa moja.

Na miaka hiyo yote nilikuwa mzee wa kanisa. Nilipitisha kapu la sadaka kwenye benchi lake bila kumtazama usoni, nikaenda kushiriki meza ya Bwana. Mathayo sura ya 5, Yesu anasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, nenda ukapatane naye kwanza. Nilikuwa nalisoma kana kwamba linamhusu yeye. Lisomeni taratibu. Hakuna mahali tunapoambiwa tuulize kwanza nani alianza.

Mama yenu hakunisubiri. Mke wa mdogo wangu alipojifungua, alipika mtori wa ndizi na nyama, akaufunika vizuri, akapita katikati ya masale yale yale kila asubuhi, mwezi mzima. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akaniambia, "Mzazi anakula mtori, hali hasira zako."

Kisha nikavunjika mguu. Zamu yetu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, iliangukia usiku, nami nimelala kitandani, ninyi mko shuleni. Kulipokucha migomba yote ilikuwa imelowa mpaka mwisho wa shamba, na jembe la mdogo wangu limeegemezwa kwenye mti, amelisahau. Nilisikia mahubiri mengi juu ya neema, lakini siku ile nililia. Sikuwa nimemwomba. Sikuwa nimestahili.

Nilipoweza kutembea nilikata jani la sale, nikalifunga fundo, nikaenda kwake kuomba radhi. Wako wanaosema hiyo ni mila ya kipagani. Mimi sikubali. Babu zetu walijua kuomba radhi kabla wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig hawajafika hapa Machame mwaka 1893, na sioni kwa nini Mungu aliyewapa hekima hiyo achukizwe nayo leo. Kwetu aliyeletewa sale hakatai. Mdogo wangu alilipokea kwa mikono miwili, hakusema kitu kwa muda mrefu, kisha akamwambia mkewe alete kiti.

Mpaka tunamzika hatukuizungumzia tena ile hatua moja. Masale hayakurudishwa. Yako pale alipoyaacha yeyote aliyeyahamisha, nami napita hapo kila siku nikienda kukata ndizi.

Vyumba vyote vimefagiliwa. Hakuna atakayelala mjini. Ibada ni asubuhi, kwa hiyo fikeni jioni ya tarehe 24 mapema, mwanga ungalipo. Masale yako kule karibu na mfongo, na kisu muombeni mama yenu jikoni.

Nawasubiri,
Baba yenu, Machame