Jumapili utatokaje uwanjani?

Lubumbashi, Alhamisi jioni

Mwanangu,

Mama yako mdogo alipiga simu jana, na hakupigia salamu. Anasema Jumapili ulitoka uwanjani nyuma ya lori la mchanga, umefunikwa turubai, sababu ya penalti uliyotoa dakika za mwisho. Kwangu uliandika tu "mechi imeisha salama". Salama ya nani?

Siulizi kama penalti ilikuwa ya haki. Wewe huwezi kutoa isiyo ya haki, nakujua. Nauliza kimoja: filimbi ya mwisho ikilia, unatokaje pale?

Salima Mukansanga, yule mwamuzi wa Rwanda uliyembandika ukutani, alipochezesha Zimbabwe na Guinea kule Yaoundé mwaka 2022, alikuwa na polisi, na chumba chenye mlango wa kufunga. Wewe hapo Likasi una nini? Mwembe mmoja, na begi lako liko chini yake.

Yule kinyozi wa Katuba alichezesha ligi ya mtaa zamani. Watu husema mawe ndiyo yalimwachisha. Siku moja, wembe uko shingoni kwangu, aliniambia matusi mtu huyazoea, na jiwe unalikwepa. Kilichomshinda ni wiki iliyofuata. Hakuna kiongozi hata mmoja aliyempigia kumuuliza amefikaje nyumbani, halafu Jumamosi wakamletea ratiba mpya kama vile hakukuwa na kitu. Na waliomzingira akawa anawakuta sokoni, wanamwita kaka, wanacheka. Nilinyamaza. Siku ile ya mawe mimi nilikuwa karibu na kona. Sikurusha kitu, ni sauti tu. Tangu hapo sinyolewi kwingine, na chenji simdai.

Kwa hiyo usiniambie "baba, wewe si mtu wa filimbi". Watu wa kando ya mstari nawajua kuliko wewe.

Posho yako dai kabla mpira haujaanza. Timu ya nyumbani ikifungwa, mwenye mfuko haonekani tena. Ulinieleza kwamba tangu 2024 ligi inaweza kuamua nahodha peke yake ndiye amsogelee mwamuzi. Vizuri, na wale wenye fimbo nyuma ya goli, nahodha wao ni nani? Kanuni ya 5 ya mpira inakupa uwezo wa kuvunja mchezo watu wakiingia. Uvunje. Usingoje dakika ya 90 ili waseme msichana ana moyo. Moyo unao, picha yako ya kadi nyekundu nimeionyesha avenyu nzima mpaka mama yako amenikataza. Lakini picha haikurudishi nyumbani. Unarudi na nani? Hilo bado hujanijibu.

Hapa mvua imeanza. Bati la jikoni linavuja palepale, na fundi nilishamlipa yote, ndiyo, ulinionya. Gunia la makala limepanda tena. Mdogo wako anakula bukari ya watu wawili na bado anasema ana njaa.

Viatu vyako vyeusi vimeshonwa, vitakuja na gari la Jumamosi asubuhi. Ndani ya kile cha kushoto kuna pesa ya taksi. Ni ya kurudi, si ya kwenda. Na ufunguo wa kabati la sahani uliuweka wapi? Mama yako ameutafuta tangu Jumatatu, tunakulia kwenye sufuria.

Baba yako